Mlango wa safina ya katoni

Safina tuliitengeneza kwa katoni ya makayabu. Tuliianika juani tangu asubuhi ya Jumamosi na bado ilinuka samaki, lakini watoto wa miaka miwili na mitatu hawajali harufu. Nilikata mlango upande mmoja, wa kufungua na kufunga, kwa sababu kila anayefundisha watoto wa umri huo anajua kwamba mlango mdogo utawashika kuliko maneno yote utakayoyasema. Wanyama tuliwachonga kutoka sandali chakavu. Watu walikuwa vizibo vya chupa, vinane: Nuhu, mkewe, wana watatu na wake zao.

Tuliimba, tukaingiza wanyama wawili wawili, tukaingiza vizibo vinane. Nikasema, kama Biblia inavyosema, kwamba Mungu akafunga mlango. Nikaufunga. Watoto wakapiga vidole kwenye sahani za bati, mvua ikanyesha, wakacheka sana.

Binti mmoja hakupiga sahani. Alikwenda kwenye mfuko wa vizibo vilivyobaki, akavibeba kwa mikono miwili, akarudi, akafungua mlango na kuanza kuviingiza kimoja kimoja.

Nikamwambia, “Mama, tumekwisha kufunga.”

Hakuniangalia. Akasema, “Tantini, bengine bako inje.”

Akaendelea.

Kijana mwenzake akaja kumsaidia. Wazazi walipofika kuwachukua, safina ilikuwa imejaa vizibo hadi mlango haufungiki.

## Wiki zilizofuata

Ningeweza kuliacha pale. Watoto hupenda kujaza vitu, na yeyote aliyemwona mtoto wa miaka mitatu akijaza mchanga kwenye kopo anajua hivyo. Mume wangu aliniambia hilohilo: “Alikuwa anacheza tu.” Inawezekana.

Lakini alisema “bengine bako inje.” Hakusema vizibo, na mkono wake ulikuwa na haraka ambayo sijaiona kwa mtoto anayecheza. Kila nilipofungua Mwanzo 7 nilikuta sentensi ileile mwishoni mwa mstari wa 16: “BWANA akamfungia.” Mara nyingi nilikuwa nimeisoma hiyo sentensi nikiwa nimesimama ndani ya safina. Mtoto aliisoma akiwa amesimama nje, pamoja na mfuko wa vizibo.

## Kwa nini Nuhu kwanza?

Ingia karibu ekodimu yoyote, yaani shule ya Jumapili, ya mji wetu wa Goma yenye chumba cha watoto wadogo. Kama kuna picha ukutani, kuna uwezekano mkubwa ni safina: twiga ametoa shingo dirishani, tembo anatabasamu, upinde wa mvua juu. Maji chini ni ya buluu, safi, hayana mtu. Michoro ya kupaka rangi tunayochapisha kutoka intaneti ni hivyohivyo.

Nadhani tulianza na Nuhu kwa ajili ya wanyama. Wanyama ni rahisi kuchora, rahisi kuimba, kila mmoja ana sauti yake. Mtoto asiyejua kusema bado anaweza kulia kama mbuzi. Hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua mchezo, ila si sababu ya kuchagua hadithi.

Maana hadithi yenyewe haianzi na twiga. Inaanza na Mungu ambaye, katika Mwanzo 6:6, “akahuzunika moyo.” Inaendelea na watu wote waliokuwa hai kufa, isipokuwa wanane. Safina ina urefu wa dhiraa 300, upana 50, kimo 30, karibu mita 135 kwa urefu, na ndani yake kuna familia moja. Mtu mzima anaweza kukaa na jambo hilo, akaliombea, akaligombania na Mungu. Mtoto wa miaka mitatu hana pa kuliweka. Anachoweza ni kufungua mlango.

## “Neno haichaguliwe”

Nilimpelekea swali mama anayetuongoza walimu. Alianza kufundisha watoto kabla ya volkano ya Nyiragongo kumwaga lava mjini mwaka 2002, na katika watu wanaonikosoa hakuna ninayemsikiliza zaidi yake. Tulikaa nje, tukiwa tunakata karatasi za Jumapili inayofuata.

Nikamwambia, “Mama, ninafikiri kwa wadogo tumwache kwanza Nuhu.”

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Neno ya Mungu haichaguliwe sawa maharagi, binti yangu.”

Sikuwa na jibu la haraka, na ninaona bado kuna uzito katika alichosema. Tukianza kuondoa kinachotuumiza, tutafika wapi? Tutamwondoa Isaka juu ya kuni? Tutauondoa msalaba? Mwishoni tutakuwa na Biblia ya wanyama na maua, na mtoto akikua na kuisoma mwenyewe atajiuliza tulimficha nini kingine. Huo ulikuwa wasiwasi wake, na ni wangu pia.

Nilimuuliza kama basi tuwaeleze wadogo kwamba waliobaki nje walikufa. Akatikisa kichwa. Hapana, si hawa wadogo. “Sasa tunawaambia nini?” Hakujibu, akaendelea kukata. Hapo nikaona kwamba naye alikuwa anachagua. Sote tunachagua kila Jumapili: kipi kisemwe, kipi kipitwe, sauti ipande wapi. Kuchora maji bila watu ndani yake ni kuchagua pia.

Kwa hiyo swali langu likabadilika. Sikujiuliza tena kama tuna ruhusa ya kuchagua. Nilijiuliza mtoto huyu, katika mji huu, anahitaji kumjua Mungu kwa mlango upi kwanza.

## Watoto wa hapa

Sitaeleza mengi. Mnajua tulikotoka.

Wengi wa watoto wangu walizaliwa baada ya usiku wa 22 Mei 2021, lava iliposhuka tena, lakini kaka na dada zao walitembea usiku ule, wengine kuelekea Sake, wengine mpakani, na nyumbani bado wanasimulia. Vita vya Januari 2025 walivipitia wenyewe, wakiwa wachanga au mgongoni. Watu wazima husema “hawa hawakumbuki.” Mimi ninamwona mtoto anayeingia chini ya benchi pikipiki ikipiga mlio barabarani.

Mtoto wa Goma anaujua mlango uliofungwa. Anajua kuna siku mama anafunga na kusukuma kitanda mlangoni, na kwamba siku hiyo kuna watu ambao hawajafika nyumbani.

Halafu kuna jambo linaloniudhi, na nitalisema wazi. Wapo watu wazima wanaowaambia watoto kwamba volkano ni hasira ya Mungu, na kwamba usipotii mlima utawaka tena. Nimesikia hivyo sokoni, nimesikia kwenye teksi, nimesikia hata kanisani. Nyiragongo ina ziwa la lava ndani yake, na ardhi ya bonde hili la ufa inavutwa na kupasuka kwa nguvu zilizokuwepo kabla hatujawa na jina. Mlima haukusubiri mtoto amwage maziwa. Mtoto aliyekwisha kuambiwa hayo, ukimletea Mungu anayefunga mlango na kuleta maji, ataunganisha mwenyewe. Hahitaji msaada wetu.

## Mstari wa 16

Kulikuwa na mwanamke wa Roma aliyeitwa Sofia Cavalletti, msomi wa Maandiko, ambaye mwaka 1954 alianza pamoja na mwalimu wa njia ya Montessori, ya mtoto kujifunza kwa mikono yake, Gianna Gobbi, kuwafundisha watoto wadogo imani kwa vitu vya kushika mkononi. Alikaa nao kwa miongo mingi, akiangalia kile ambacho watoto wenyewe hurudi kukishika. Aliona kwamba wa miaka mitatu hadi sita hurudi kwa Mchungaji Mwema wa Yohana 10, tena na tena, kwa zizi dogo la mbao na kondoo wake. Katika njia yake, hadithi ya gharika huwekwa kwa watoto wakubwa.

Mama wetu aliposikia ni mambo ya Wakatoliki aliinua nyusi. Nikamwambia Yohana 10 ni yetu sote. Akakubali.

Nilianza kujiandaa kwa sura hiyo. Mstari wa 3: bawabu anafungua, na mchungaji “huwaita kondoo wake kwa majina yao.” Mstari wa 9: Yesu anasema yeye ndiye mlango. Nilisoma kwa sauti jikoni, maana hivyo ndivyo ninavyojifunza hadithi ya kusimulia, na nilifika mstari wa 16, ambao nilikuwa nimeusikia mara nyingi bila kuusikia.

“Na kondoo wengine ninao, ambao si wa zizi hili, na hao nao imenipasa kuwaleta.”

Wengine wako nje.

Nilizima jiko nikakaa. Yule binti hakuwa ameharibu hadithi ya Nuhu. Alikuwa ametangulia mbele, akafika mahali ambapo Mchungaji mwenyewe anasema hivyohivyo juu ya walio nje, tena kwa neno zito: imenipasa. Sikuwa nikikwepa Neno. Nilikuwa nikianza na sehemu ambayo mtoto alikuwa amekwisha kuisimamia.

## Zizi la mawe

Mji huu hauna udongo wa kufinyanga wa kutosha, ila mawe tunayo. Nilikusanya mawe ya lava ya ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, nikayasugua kingo kali, nikayaosha. Ukubwa huo ni muhimu: jiwe lolote linaloingia mdomoni litaingia mdomoni. Kwa sababu hiyohiyo maharagi na mahindi hayaingii katika chumba changu tena, maana nimeona haragi likitolewa puani kwa mtoto na sitaki kuona jingine.

Watoto walijenga zizi kama ua wa nyumba zao, jiwe juu ya jiwe, likaanguka, wakajenga tena. Hiyo peke yake ilichukua karibu saa yetu yote. Kondoo tuliwatengeneza kwa vipande vya katoni na mabaki ya kitenge, tukibandika kwa gundi ya unga wa muhogo. Ukiipika vizuri inashika, na akiilamba hakuna hasara. Kondoo wengine walikuwa wa kijani, mmoja alikuwa na maua ya zambarau. Wazazi wawili watatu waliuliza mbona hakuna kitu cha kupeleka nyumbani. Swali hilo ninalielewa, karatasi iliyopakwa rangi ni ushahidi kwamba mtoto alifanya kitu. Lakini tukiwaza karatasi ya nyumbani, mwalimu ndiye anayekata, mwalimu ndiye anayebandika, na mtoto anasubiri akipiga miayo. Zizi linabaki kanisani, na Jumapili inayofuata tunalijenga upya kwa hadithi ileile.

Hadithi ileile kwa wiki nyingi. Mtu mzima huchoka. Mtoto wa miaka mitatu ukibadilisha neno moja atakusahihisha.

Wimbo niliutunga mwenyewe, mfupi, wa kuitana. Ninaimba jina la mtoto na kuuliza uko wapi, yeye anajibu “Niko hapa!” na kukimbilia zizini. Nilichukua mdundo wa wavuvi wanapopiga kasia jioni wakienda kutafuta sambaza, kwa sababu wanaokaa karibu na ziwa wanaujua tangu tumboni.

Jumapili ya kwanza mtoto mmoja hakuitika. Niliimba jina lake mara ya pili, ya tatu. Aliniangalia tu. Nilidhani ana aibu, nikapita. Baadaye shangazi yake, aliyekuwa amekuja kumchukua, akaniambia kwamba hilo ni jina la kwenye cheti. Nyumbani hakuna anayemwita hivyo. Wao walikuja kutoka mbali, wanakaa kwa ndugu, na jina lake la nyumbani ni la babu yake aliyebaki kule.

Jumapili iliyofuata niliimba jina la babu yake. Alikimbia mpaka mawe yakaanguka.

Tangu hapo ninawauliza wazazi wote: mnamwita nani nyumbani? Ninaandika. Nimejifunza mengi juu ya familia za mtaa wetu kwa swali hilo kuliko kwa daftari zima la kanisa.

Na yule binti wa vizibo? Hadithi ya mchungaji haikumvuta hata kidogo. Alicheza na mawe peke yake pembeni, akayapanga mstari, akaondoka na kondoo mmoja mfukoni bila kuniomba. Ninaandika hili kwa sababu ningetamani kuwaambia kwamba uso wake uling’aa. Haukung’aa.

## Mashua

Kuna hadithi nyingine niliyoihangaikia zaidi kuliko Nuhu, nayo ni ya dhoruba, Marko 4.

Shida ya vitabu tuliweza kuitatua. Vitabu vya picha vya Kiswahili kwa watoto wadogo sana ni vichache hapa, na vilivyopo vina Yesu mwenye macho ya buluu katika bahari isiyo na mwisho. Mimi huwaambia watoto kwamba Bahari ya Galilaya ni ziwa, na ni ndogo kuliko ziwa letu: ina urefu wa kilomita 21 hivi, wakati Kivu ina karibu 90. Mwaka 1986, maji ya Galilaya yaliposhuka kwa ukame, ilionekana matopeni mashua ya mbao ya wakati wa Yesu, yenye urefu wa mita 8 na kidogo. Mtoto wa Kituku, bandari yetu ya ziwani, anaweza kuipima kwa macho. Hiyo ni mashua anayoijua. Kwa hiyo tulichora kitabu chetu wenyewe, kurasa sita za katoni nyembamba zilizoshonwa kwa uzi, na mawimbi ya kitenge ambayo mtoto anaweza kuyapapasa.

Lakini tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu wakiwa ufukweni wanaangalia. Katika chumba changu kuna mtoto ambaye baba yake mdogo alikuwa ndani.

Baba yake alinijia akaniomba kwa heshima: “Mama, hiyo ya mashua muiache kwanza.” Nikamwahidi. Kitabu kilikaa juu ya kabati kwa muda mrefu.

Kilichonisumbua si hadithi. Ni sentensi tunayoiongeza mwishoni, ile ya “ukiwa na Yesu, mashua haizami.” Tunaiimba, tunaihubiri. Marko hakuiandika. Ndani ya ile mashua ya Minova walikuwamo waombaji, watu wa Yesu, na ilizama. Siwezi kumwambia mtoto yule sentensi hiyo nikimtazama, na kama siwezi kumwambia yeye, sitamwambia mwingine yeyote.

Marko aliandika kwamba waliogopa, wakamwamsha, wakamuuliza kama si kitu kwake kwamba wanaangamia. Naye akaamka. Hiyo ndiyo hadithi ya mtoto wa miaka mitatu, naye anaijua vizuri kuliko sisi: usiku, woga, kumwita mkubwa aliyelala, na mkubwa kuamka. Hakukemea mtu kwa kumwamsha kabla hajaukemea upepo.

Baada ya kuongea tena na baba yule, na baada ya yeye mwenyewe kukifungua kitabu na kukaa nacho, tulikisoma darasani. Alikuwepo, amekaa nyuma. Nilipofika “wakamwamsha,” watoto wote walipiga kelele kumwamsha Yesu wa katoni, na mwanawe alipiga kelele kuliko wote. Nilifunga kitabu pale maji yalipotulia. Sikuongeza neno.

Nilimuuliza baba baadaye kama ilikuwa sawa. Akasema, “Sijui. Lakini aliimba.”

## Nuhu hakuondoka

Mama wetu na mimi tulifikia makubaliano bila kupiga kura. Nuhu tumempandisha kwa watoto wa miaka saba na kuendelea, na anamfundisha yeye. Anaanza na Mungu kuhuzunika moyo, si na twiga. Anasoma mstari wa mlango bila kuukimbilia, kisha anawaacha waulize.

Nilikaa nyuma siku alipoanza. Swali lilikuja mapema, kutoka kwa kijana wa miaka minane hivi: kama watu waligonga mlango baadaye, wakisema wametubu, je?

Alishusha Biblia magotini. Aliwaambia kwamba 2002 alikimbia lava na watoto wake, na jirani yake hakukimbia, na kwamba yeye mwenyewe bado anamuuliza Mungu juu ya jirani huyo. “Na miye ninamuuliza. Tuulize pamoja.” Kisha akawasomea mwanzo wa sura ya 8, Mungu akamkumbuka Nuhu, na wakaendelea kubishana mpaka kengele.

Mimi bado sina hakika juu ya umri wa miaka saba. Labda ni mapema kwa baadhi, labda nimewachelewesha wengine. Mwalimu mwenzangu mmoja anaona tumewaogopa watoto bure, na hatujamaliza kuongea.

Kwa wadogo sasa ninaandaa Bartimayo, Marko 10: kipofu anayepiga kelele njiani, watu wanamwambia anyamaze, Yesu anasimama na kusema mwiteni. Kila mtoto atavaa vazi la kutupa, kwa sababu Bartimayo alilitupa lake akaruka juu, na kuruka wanakuweza. Ninahitaji vipande vya kitenge vya angalau mita moja, hata vilivyofifia, hata visivyolingana. Kama wewe ni fundi wa kushona, au unamjua mmoja, tunavipokea Jumamosi mchana tukiwa tunatayarisha chumba. Na mkileta, niambieni na jina la nyumbani la mtoto wenu.